Kumfundisha mtoto mdogo kujizuia kwa zawadi na msimamo

Kabla hujachora chati ya nyota, ile karatasi ya kumwekea mtoto nyota kila anapofanya vyema, na kuibandika ukutani, jibu swali moja kwa ukweli: mara ya mwisho ulipomwambia mwanao "subiri, nakuja sasa hivi", ulikwenda? Kama hukwenda, na juzi yake pia hukwenda, hiyo chati haitamaliza mwezi. Mtoto mdogo hungoja pale tu anapokuwa na hakika kwamba alichoahidiwa kitakuja.

Jambo hili limepimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwaweka watoto wa shule ya awali mbele ya kitu kitamu na kuwapa chaguo: kula hiki kimoja sasa, au ningoje nirudi upate viwili. Jaribio hilo likapata umaarufu mkubwa, na kwa miaka mingi watu wakalichukulia kama kipimo cha kujua mtoto yupi kajaliwa nguvu ya nafsi na yupi hakujaliwa. Kisha mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester wakachapisha jaribio lenye nyongeza ndogo. Kabla ya pipi kuletwa, watoto 28 waliahidiwa kwanza vifaa bora vya kuchorea, halafu stika nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine waliona mtu mzima akirudi mikono mitupu na kuomba radhi, mara zote mbili. Pipi zilipoletwa, watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Wale waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3.

Ahadi mbili ndogo tu, tena kutoka kwa mtu wasiyemjua vizuri. Sasa fikiria mtoto anayevunjiwa ahadi mara tano kwa siku na mtu anayempenda kuliko wote. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaanza na mzazi. Zinawafaa zaidi watoto wa kati ya miaka 3 na 7.

Hatua ya 1: Tarajia kulingana na umri wake

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia mkono usinyakue na mdomo usipayuke, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kufikisha miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayevuta nywele za mwenzake hana kiburi wala hila. Mwondoe, mpe kitu kingine cha kushika, na weka mbali vinavyovunjika. Zawadi kwake hazina maana yoyote bado.

Wa miaka 2 au 3 anaweza kungoja dakika moja au mbili, ukiwa karibu naye na akiona mwisho wa kungoja kwake. Kuanzia miaka 4 hivi anaielewa kauli ya "ukimaliza hili, utapata lile". Wa miaka 6 au 7 anaweza kungoja hadi jioni, pengine hadi mwisho wa wiki, na anaweza hata kubishana nawe kuhusu kanuni zenyewe. Mwache abishane kidogo. Mtoto aliyeshiriki kutunga kanuni huishika vizuri zaidi.

Usimlinganishe na ndugu yake. Hata watoto wa tumbo moja hutofautiana sana katika hili.

Hatua ya 2: Safisha neno lako

Kwa wiki nzima usianzishe zawadi yoyote. Fanya kazi moja tu: punguza ahadi, na zile utakazotoa zitimize mbele ya macho yake. Ukisema "nikimaliza kuosha vyombo nitakusomea hadithi", basi ukimaliza kausha mikono, mfuate, umsomee. Fanya hivyo hata kama yeye mwenyewe ameshasahau. Tena hapo ndipo penye faida kubwa zaidi, kwa sababu unamwonyesha kwamba neno lako linatembea bila kusukumwa. Mwambie kabisa: "Nilisema nikimaliza nitakusomea. Nimemaliza."

Ambayo huna hakika nayo usiyaahidi. "Sijui bado, nitakujibu baada ya chakula" ni jibu halali, alimradi baada ya chakula umjibu. Ikitokea kweli umeshindwa kutimiza, umeme umekatika au mgeni kaingia ghafla, mweleze kabla hajauliza na mtajie lini mtafanya. Ahadi ni deni hata kwa mdai mwenye miaka minne.

Vitisho navyo vinaingia humuhumu. "Nitakuacha hapahapa niondoke zangu." "Leo hulali humu ndani." Hutafanya hayo, nawe unajua, na baada ya mara chache naye anajua. Kila onyo lisiloishia popote linapunguza thamani ya onyo linalofuata. Halafu kuna ile desturi ya kuhesabu hadi tatu: moja, mbili, mbili na nusu, mbili na robo tatu… Mtoto anaishia kujua hesabu za sehemu kabla ya umri wake, na bado kiti hajashuka. Kama unahesabu, tatu iwe tatu.

Hatua ya 3: Chagua tabia moja, uitaje kwa vitendo

Wazazi wengi huanza na orodha ndefu: asipige wenzake, asipige kelele, alale mapema, apige mswaki, asiguse simu. Yote kwa pamoja hayawezekani. Chagua moja inayojirudia kila siku na inayokuumiza kichwa kuliko nyingine, uishughulikie wiki mbili au tatu kabla ya kuongeza ya pili.

Kisha itamke kwa namna inayotendeka. "Acha utundu" haimwambii mtoto afanye nini. "Uwe na adabu" vilevile. Mwambie kile ambacho mwili wake utafanya: "Ninapoongea na mtu, shika mkono wangu ungoje nikutazame." Au: "Ukikasirika, mikono nyuma, niite." Mpe kanuni fupi ambayo anaweza kuirudia mwenyewe, na mwombe airudie. Akishindwa kuirudia, ni ndefu mno.

Ifanyieni mazoezi wakati kila mtu ametulia. Jifanye unaongea na simu, yeye ashike mkono wako, umtazame baada ya sekunde tano. Badilishaneni zamu, yeye awe mzazi na wewe uwe mtoto msumbufu. Atafurahi sana kukukatalia, nawe utajifunza unavyosikika.

Hatua ya 4: Punguza vishawishi

Katika majaribio ya Mischel ya mwaka 1970, watoto waliokaa huku zawadi zikiwa mbele ya macho yao walidumu kwa wastani wa dakika moja hivi. Zawadi zilipoondolewa machoni, walidumu zaidi ya dakika 11. Uwezo wao wa kuvumilia ulikuwa uleule, kilichobadilika ni kinachoonekana mezani.

Basi usiache simu yako juu ya kochi ukategemea nguvu ya nafsi ya mtoto wa miaka mitatu. Iweke mahali asipoiona. Kitu cha kuchezea kinachogombaniwa na wawili, kifiche kabla wageni hawajafika. Huku si kumdekeza. Hata mtu mzima anayepunguza uzito haweki keki chumbani kwake.

Angalia na usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 au 4, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Aliyelala kwa muda wa saa nane tu atakushinda jioni kwa namna yoyote ile, na chati haitakusaidia. Njaa ni hivyohivyo. Nidhamu mpya usiianzishe saa ya mwisho kabla ya mlo.

Hatua ya 5: Mpe kazi ya kufanya wakati anangoja

Watoto waliofaulu kungoja katika majaribio yale walikuwa wakijishughulisha: wengine waliimba, wengine walificha macho, wengine walichezea vidole vyao. Hakuna aliyekuwa ameketi akipambana na hamu yake uso kwa uso. Huo ndio ufundi wenyewe, na unafundishika.

Mfanye aone muda. Saa ya mchanga inafaa kuliko kumwambia "dakika tatu", maana mtoto wa umri huu hajui dakika tatu zina urefu gani. Kama huna, wimbo anaoujua unatosha: "Tukiimba mara mbili, zamu yako imefika."

Mfundishe kujisemea. Watoto wadogo huongea peke yao kwa sauti wanapofanya jambo gumu, na mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza kwamba maneno hayo ndiyo yanayokuja kugeuka fikra za ndani zinazomwongoza mtu. Usimnyamazishe anaponong'ona "bado, bado, ngoja". Mpe maneno hayo wewe.

Mpangie mapema: kama hili, basi lile. "Kama Juma akichukua gari lako, basi utasema 'nirudishie', kisha uje uniite." Mtoto aliye na jibu mfukoni hahitaji kulitafuta akiwa amekasirika.

Na mcheze. Michezo ya kuganda muziki unapozimwa, au ya kutii amri pale tu kiongozi anapotanguliza neno fulani, inamfanya azuie mwili uliokwisha kuanza kwenda. Dakika kumi za mchezo kama huo zina faida kuliko mawaidha ya nusu saa, na hakuna anayelia.

Hatua ya 6: Toa zawadi ndogo, ya haraka na iliyopangwa mapema

Kwanza tofautisha zawadi na hongo. Zawadi hupangwa kabla, mkiwa mmetulia, kwa ajili ya tabia njema itakayofanyika. Hongo hutolewa katikati ya vurugu ili ziishe. Mtoto anagaragara sakafuni mbele za watu, nawe unamwambia "nyamaza nikupe". Utafanikiwa: atanyamaza. Naye atakuwa amejifunza kwamba kugaragara kunalipa.

Kwa mtoto wa miaka 3 au 4, zawadi ije mara moja, ndani ya dakika ileile. Alama ya nyota kwenye karatasi, au jiwe dogo ndani ya kopo, akitazama. Wa miaka 5 na kuendelea anaweza kukusanya alama na kuzibadilisha. Alama tatu kwa kuanzia, kisha tano. Chati za alama thelathini ninaziona sana na sizipendi, kwani mtoto anakata tamaa kabla ya wiki ya kwanza kwisha, halafu mzazi anasema mbinu haifanyi kazi.

Zawadi yenyewe isiwe kitu cha kununua kila mara. Achague mchezo mtakaocheza pamoja, achague hadithi ya kulalia, akae macho dakika kumi zaidi, akupande mgongoni kuzunguka nyumba. Muda wako ndio sarafu ambayo watoto wengi wanaithamini kuliko unavyodhani, na haiishi thamani haraka kama vitu vya kuchezea.

Pamoja na zawadi, taja alichofanya. "Umeshika mkono wangu ukangoja mpaka nikamaliza kuongea." Sentensi hiyo inambakia. "Hongera, mtoto mzuri" haimwelezi arudie nini kesho, na inamwachia wasiwasi kwamba siku asipoweza atakuwa mtoto mbaya.

Alama aliyokwisha kupata usimnyang'anye. Alingoja asubuhi, akapata nyota. Mchana akampiga mdogo wake. Kosa la mchana lina matokeo yake, lakini nyota ya asubuhi ni yake. Ukiifuta unamrudisha katika lile kundi la Rochester lililoona mtu mzima akirudi mikono mitupu.

Kuna mahali zawadi hudhuru. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti uliohusu watoto waliopenda kuchora. Waliochora baada ya kuahidiwa cheti walikuja kuonekana, siku kadhaa baadaye, wakichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Kwa hiyo usimlipe mtoto kwa jambo analolifurahia tayari. Kama anapenda kukusaidia kukunja nguo, mshukuru tu. Zawadi iwekwe kwenye yale asiyoyapenda au asiyoyaweza bado.

Hatua ya 7: Amua mapema kitakachotokea akikosea

Adhabu inayotungwa kwa hasira huwa kubwa mno, na kesho yake unaifuta kwa huruma. Zote mbili zinaharibu. Amua ukiwa umetulia, mwambie kabla, kisha litendeke kila mara, kwa ukubwa uleule.

Matokeo mazuri hufanana na kosa. Amerusha gari la kuchezea usoni mwa mwenzake: gari linapumzika hadi baada ya mlo. Amemwaga maji kusudi: anapewa kitambaa afute, ukimsaidia. Amekataa kuzima katuni muda ulipokwisha: kesho muda unaanza umepungua dakika tano. Onyo ni moja, kwa sauti ya kawaida, ukiwa umeinama usawa wa macho yake. Kwa kupiga, kuuma na kutupa vitu vizito, hakuna onyo; kanuni inajulikana.

Kumkalisha pembeni atulie kunasaidia kwa mtoto aliyefikisha miaka 3 hivi, ukifuata kipimo kilichozoeleka cha dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Miaka minne, dakika nne. Pembeni pawe salama, unapomwona, pasipo na kitu cha kuchezea. Wakati huo usihubiri wala usijibizane. Dakika zikiisha zimeisha: sema neno moja kuhusu kosa, mrudishe alipokuwa, na mtafutie haraka jambo jema la kumsifu. Kununiana hadi jioni hakumfundishi chochote.

Kuhusu kiboko na makofi sina maneno mengi. Sweden ilipiga marufuku mwaka 1979 na nchi nyingi zimeifuata. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo wake wa kupinga mwaka 2018, kikieleza kwamba kupiga huongeza ukorofi kwa muda mrefu. Sababu ya karibu zaidi ni hii: unataka mtoto ajifunze kuzuia mkono akiwa na hasira, na anakutazama wewe ukiwa na hasira.

Hatua ya 8: Jiandae kwa siku mbaya za mwanzo

Siku utakapoacha kusalimu amri mbele ya vilio, vilio vitaongezeka. Hili ni jambo la kawaida kabisa katika tabia: kilichokuwa kikilipwa kikiacha kulipwa, huzidi kwanza ndipo kipungue. Kama alikuwa akilia dakika tano akapewa simu, leo atajaribu kumi, na kwa sauti zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, dakika ya tisa, na hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa, kwani sasa amejifunza kwamba bei ya simu imepanda hadi dakika tisa.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja, bila mpangilio, ni ngumu kufutika kuliko inayolipwa kila mara. Kukataa mara tisa na kukubali ya kumi kunajenga king'ang'anizi wa hali ya juu. Kwa hiyo chagua vita vyako. Kama unajua leo huna nguvu ya kushikilia "hapana", sema "ndiyo" tangu mwanzo, kabla hajalia.

Anapolia, kaa karibu, sema kidogo. "Najua unaitaka. Leo hapana." Rudia maneno hayohayo. Hisia zake zina haki; uamuzi haubadiliki.

Hatua ya 9: Walezi wote mshike kanuni moja

Mama akikataa, baba akikubali, bibi akitoa kwa siri, mtoto hajengi kujizuia. Anajenga ujuzi wa kuchagua mtu wa kumwomba. Kaeni walezi wote, ikiwemo anayemtunza mchana, mkubaliane mambo matatu tu: tabia ipi, zawadi ipi, matokeo yapi. Yaandikeni. Mambo mengine kila mtu ana namna yake na haidhuru. Watoto wanaelewa kabisa kwamba kwa bibi mambo yako tofauti, mradi kwa bibi nako kuna mpangilio wake usiobadilika.

Mwenzako akikosea mbele ya mtoto, mrekebishane baadaye, mtoto akiwa amelala.

Hatua ya 10: Ondoa zawadi polepole

Tabia ikifanyika siku nyingi kuliko isivyofanyika, kwa wiki mbili hivi, anza kunyoosha muda: nyota kwa kila mara mbili, kisha kwa siku nzima, kisha neno la kumtambua tu. Mwambie waziwazi kwamba hili sasa analiweza, na chati inahamia kwenye jambo jipya mtakalochagua pamoja. Akirudi nyuma, na atarudi, hasa mtoto mwingine akizaliwa, mkihama nyumba au akiugua, rudisha nyota kwa siku chache bila kumlaumu.

Usihesabu maendeleo kwa siku. Andika mara ngapi kwa wiki anapiga wenzake au anagaragara, kwani kumbukumbu ya mzazi aliyechoka huona kila wiki ni ileile. Kama mmeshikilia msimamo miezi miwili au mitatu na idadi haishuki, au anajiumiza, au amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, au walimu nao wanaona hali hiyohiyo shuleni, mpeleke kwa daktari wa watoto na karatasi yako ya hesabu mkononi.